Mwenye Heri wa Mpakani

Mhadhara kwa waamini walei, uliotolewa Tunduma wakati wa Kwaresima



Nimepewa mada ya kumkaribia Mungu kwa maamuzi ya kila siku. Ni mada ambayo mtu anaweza kuisemea saa nzima asimguse mtu yeyote. Atasema tusali zaidi, tupendane, tusameheane, tutaitika amina na kwenda nyumbani kula. Kwa hiyo naomba niianzie mahali penye ugumu wake, yaani mpakani. Wetu tutaufikia. Kwanza twende Goma.

Goma ni mji wa mashariki ya Kongo, umebanwa kati ya Ziwa Kivu na mpaka wa Rwanda. Wao ng'ambo yao ni Gisenyi, sisi wa Tunduma yetu ni Nakonde ya Zambia. Watu wanavuka asubuhi na mafungu ya mboga na kurudi jioni na sabuni, na kila kinachovuka kina mtu wa kukikagua. Mwaka 2007 mmoja wa wakaguzi hao alikuwa kijana wa miaka 26, Floribert Bwana Chui bin Kositi, mzaliwa wa Goma, ambaye alikuwa bado mgeni katika ajira ya shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa. Kazini kwake ndiko ilikoamuliwa shehena ipi inafaa kuliwa na ipi haifai. Ikafika shehena ya mchele uliooza, kutoka Rwanda. Wenye mzigo walimwahidi fedha ili upite. Alipokataa waliongeza fedha, na shinikizo likaongezeka pamoja nazo. Akaendelea kukataa. Mwanzoni mwa Julai alitekwa, akateswa, akauawa. Kanisa linamkumbuka tarehe 8 Julai.

Papa Fransisko aliwatajia vijana wa Kongo jina lake mjini Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023. Mwishoni mwa mwaka 2024 aliidhinisha hati inayomtambua kuwa shahidi aliyeuawa kwa chuki dhidi ya imani, na tarehe 15 Juni 2025 Bwana Chui akatangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Kwao Goma isingewezekana, kwa kuwa tangu mwishoni mwa Januari mwaka huo mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23.

Sasa tuitazame hukumu hiyo ya Kanisa polepole, maana ni nzito kuliko inavyosikika. Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, tunawaelewa bila kufundishwa: Kabaka Mwanga aliwataka waache sala, wakakataa. Lakini waliomuua Bwana Chui hawakumtaka amkane Kristo. Angeweza kubaki Mkatoliki, akaenda Misa kila Jumapili na rozari yake mfukoni, wala wasingejali hata kidogo. Walichotaka ni mzigo upite. Na Kanisa, baada ya kuchunguza, limesema kwamba kukataa mzigo ule upite kulikuwa ni kumkiri Kristo. Yaani kanuni ya afya ya chakula, saa za kazi, mezani pa ofisi ya serikali, iligeuka kuwa mahali pa kuikiri imani. Kama hilo ni kweli Goma, ni kweli pia pale chini mpakani kwenye foleni ya malori, na hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo.

Wapo watakaosema mji kama huu haufai kwa mambo ya Mungu. Nimelisikia hilo mara nyingi, na wanaolisema wengi ni wenyeji wenyewe: Tunduma ni mji wa fedha, watu wanapita, mtu akitaka kuwa mtakatifu akaishi kijijini, Ileje huko milimani au katika mashamba ya kahawa ya Mbozi. Naomba tumsome Mathayo. Anasema Yesu aliondoka Nazareti akaenda kukaa Kafarnaumu. Nazareti ndicho kilikuwa kijiji kitulivu. Kafarnaumu ulikuwa mji wa wavuvi na wafanyabiashara kando ya ziwa, karibu na mpaka uliotenganisha eneo la Herode Antipa na lile la ndugu yake Filipo. Palikuwa na akida wa kikosi cha askari, na palikuwa na forodha. Mathayo mwenyewe aliitwa akiwa kazini forodhani, saa za kazi, vitabu vikiwa wazi mbele yake. Bwana alipochagua mji wa kuufanya makao yake, alichagua mji wa mpakani, na anayeudharau Tunduma kwa sababu ya malori ana hoja ya kujibishana naye.

Pande zetu hizi Injili nayo ilipita njia ya biashara. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani ndio ulioiweka nchi moja huku na nyingine kule, ukawagawa Wanyamwanga pande mbili bila kuwauliza, na hadi leo mtu ana shangazi Nakonde na shamba Momba. Mwaka uliofuata, 1891, Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, walifungua misheni Mambwe, upande ambao leo ni Zambia, kwenye njia iliyounganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Katika nchi hizo za kati ya maziwa zilipita pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Hawakungoja biashara itakasike ndipo waje. Ndugu zetu Wamoravian nao walikuwa Mbozi kabla karne ile haijaisha. Baadaye ikaja barabara kuu ya kwenda Zambia, ikaja reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, na mwaka 2016 tukawa Mkoa wa Songwe, tukaachana na Mbeya kwa mambo ya serikali.

Turudi kazini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapofafanua amri ya saba, namba 2409, haiishii kwa mwizi wa kuku. Inataja ujira usio wa haki, kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine, rushwa, kazi iliyofanywa vibaya, kukwepa kodi, na kughushi hundi na ankara. Ukiisoma hapa mjini unaweza kudhani mwandishi alikaa wiki nzima kwenye gesti karibu na geti la mpakani akaandika anachokiona dirishani.

Ankara tunazijua. Mzigo una thamani hii, karatasi inasema nusu yake, na karani aliyeandika ni kijana wetu tuliyemsimamia Kipaimara. Lumbesa tunaijua, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo mkulima analipwa kama gunia moja. Tunajua na kununua kahawa ikiwa ingali mtini kwa mtu ambaye mtoto wake yuko hospitali, kwa bei ambayo angeicheka kama angekuwa na wiki tatu za kungoja. Katekisimu imelitaja hilo moja kwa moja: shida ya mwingine. Ila kuna jambo moja nitalikazia kuliko hayo yote, kwa sababu ni la ndani ya nyumba zetu na hakuna afisa yeyote anayelikagua. Ni mshahara wa dada wa kazi. Kuna nyumba ambazo bahasha ya zaka hutoka kwa wakati kila mwezi, na binti anayedeki sakafu ya nyumba hiyo hajalipwa tangu sikukuu. Akidai, anaambiwa fedha zake zinatunzwa. Mwenye nyumba kama hiyo akiniuliza aanzie wapi kumkaribia Mungu, sitamtuma kwenye novena. Amlipe kwanza, jioni hiyo hiyo, na novena itafuata.

Kuhusu rushwa nitasema kwa uangalifu, maana tumezoea kuwapiga kwa neno hilo watu wa chini tu. Mama mwenye beseni la nyanya anayezuiliwa hadi atoe kitu ili apite, ingawa halali yake ni kupita, amenyang'anywa. Dhambi ni ya aliyemnyang'anya. Wala simweki kundi moja huyo mwenye debe la mahindi anayempelekea shangazi yake ng'ambo na yule anayepitisha tani kwa tani usiku njia za panya, kisha anachangia ujenzi wa kanisa ili apewe kiti cha mbele. Dhamiri iliyoelimika inajua kupima uzito. Asiyepima huishia pabaya kwa njia mbili: ama anahofia kila kitu na sala yake inakuwa kesi isiyokwisha, ama anachoka kuhofia na kuruhusu kila kitu.

Mfano mgumu zaidi ni wa juzi tu. Mwaka 2024 Zambia ilikumbwa na ukame mkali, na serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa. Mahindi ya kwetu yakawa yanatazamwa kule kama dhahabu. Mfanyabiashara Mkatoliki wa Tunduma mwenye ghala afanye nini? Kuna wanaotaka niseme auze kwa hasara. Sisemi hivyo. Naye alinunua kwa bei ya juu, ana mkopo, usafiri umepanda, na bei inapopanda ndipo mkulima wa Momba anapopata kitu. Lakini kati ya faida ya halali na kumkamua mwenye njaa kuna eneo pana, na humo ndani hakuna sheria ya serikali wala kanuni ya Kanisa itakayokuambia shilingi ngapi. Utabaki wewe, kalamu yako, na sura ya mtu aliyesimama mbele yako akihesabu kwacha zake mara ya pili. Hapo ndipo sala za miaka yote zinapoonekana kama zilifanya kazi au la. Mtu aliyezoea kusali anaiona ile sura. Asiyezoea anaona bei peke yake.

Tumefika mahali ambapo wahubiri wengi humalizia: basi tuwe waaminifu, amina. Lakini kijana wa ofisi ya uwakala wa forodha ambaye hataki kuandika thamani ya uongo hatatekwa usiku kama Bwana Chui. Atafukuzwa tu. Mwezi ujao hana kodi ya chumba, na rafiki zake walioandika watamnunulia soda wakimcheka. Dereva anayekataa kubeba mzigo usio na karatasi atapewa lori bovu, na safari zitapungua. Fundi asiyetia nondo pungufu anakosa zabuni. Uaminifu hapa una bei, na watoto nao wanaulipia. Mhubiri asiyelitaja hilo ameshiba, na wenye njaa wanamjua. Na silaha kubwa ya shetani katika mji huu wala si uovu wa kutisha. Ni ile sentensi inayotamkwa kwa sauti ya upole na mtu anayekupenda kweli: mdogo wangu, hapa kila mtu anafanya.

Bwana Chui aliambiwa hivyo pia, bila shaka. Nini kilimwezesha asimame? Nimeyasoma maisha yake nikitafuta jambo hilo hasa, na niliyoyakuta ni ya kawaida sana. Alikuwa katika Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei iliyoanzia Roma mwaka 1968. Walikutana kusali na kusoma Injili. Waliwatafuta watoto wa mitaani wa Goma, wakawafundisha na kuwalisha. Mtu aliyekaa na watoto wanaookota chakula jalalani anajua mchele ulioharibika unaishia kwenye sahani ya nani. Ilipokuja siku yenyewe hakuhitaji kuwaza umma kwa jumla. Alikuwa na majina.

La pili linanivutia zaidi. Kuhusu bidhaa zile alimuuliza sista mmoja ambaye ni daktari: mtu akila chakula cha namna hii, kinamfanya nini? Ni swali la kitaalamu. Aliingia katika sala akiwa na taarifa sahihi, akatoka nazo akarudi kazini. Sisi mara nyingi tunataka dhamiri bila kuijua kazi. Mhasibu ambaye hataki kujua sheria ya kodi inasemaje, muuza dawa asiyetaka kusoma tarehe ya kwisha muda, mwalimu anayeingia darasani hajaandaa somo, hao wamechagua kutokujua, na wamechagua mapema ili wasihukumiwe na wanachokijua. Kusoma kitabu cha kazi yako usiku, kwa nia ya kumtendea haki mtu wa kesho, kunaingia katika hesabu ya utakatifu. Mtakatifu Fransisko wa Sales aliandika kitabu kizima mwaka 1609 kuwaonyesha walei kwamba uchaji wa kila mtu ufuate hali yake na kazi yake, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa ya tarehe 21 Novemba 1964, ulitenga sura nzima kwa wito wa watu wote kuwa watakatifu. Watu wote. Hata wa kubadilisha fedha pale geti.

Kwa hiyo siku ya jaribu haianzi siku ya jaribu. Kama mkulima wa Mbozi anavyopanda mche wa kahawa akijua hatavuna mwaka huu wala mwakani, hivyo ndivyo uamuzi wa Bwana Chui ulivyopandwa. Swali letu ni upandaji, na upandaji ni mambo madogo kiasi cha kutia aibu kuyasema ukumbini.

Simu inalia: umepokea shilingi elfu arobaini kutoka namba usiyoijua. Dakika mbili baadaye mtu anapiga, sauti inatetemeka, amekosea tarakimu moja. Matapeli wapo, kweli, na mwenye busara atapiga huduma kwa wateja kwanza muamala urudishwe na mtandao wenyewe. Lakini kuna muda mfupi kabla ya hapo, kabla hujafanya lolote, ambapo moyo umeshapanga matumizi ya ile fedha. Chunguza moyo uliwahi kufika wapi. Hakuna padre atakayekuuliza hilo katika kitubio usipolisema mwenyewe.

Ulimi nao. Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya utakatifu uliotiwa saini tarehe 19 Machi 2018, anaeleza habari ya mwanamke anayekwenda sokoni, anakutana na jirani, maongezi yanaanza, umbea unaingia, naye moyoni anakataa kumsema mtu yeyote vibaya. Papa anakiita hicho hatua ya utakatifu. Nilipolisoma nilicheka kidogo, kwa sababu nililijua soko lenyewe. Hapa kwetu siku hizi soko limehamia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Mtu anatuma sauti ya dakika tatu juu ya ndoa ya mwenzake, anamalizia na Tumsifu Yesu Kristo. Kutokuisambaza ile sauti kunahitaji nguvu. Anayeifuta simuni mwake, akanyamaza, akaendelea kuchambua mchicha, amefanya kitu ambacho mbingu imekiona na kundi halikukiona.

Na Teresa wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, tangu aingie monasteri hakutoka, lakini tangu 1927 ni msimamizi wa misioni zote duniani. Kuna mahali anasimulia jinsi walivyokuwa wakifua, na sista wa mbele yake alikuwa anamrushia usoni maji machafu. Alitaka kurudi nyuma ajifute ili yule mwenzake ajue. Hakurudi. Basi, hicho ndicho kisa chote. Wanaotafuta miujiza wanakipita haraka, wakati wafuaji wanakielewa.

Kuna uamuzi mwingine unaoahirishwa sana hapa mjini, na nitaupitia kwa ufupi kwa kuwa akina baba wameanza kutazama saa. Wapo wanaoishi pamoja miaka kumi, watoto wanne, hawana ndoa ya Kanisa na hawapokei Ekaristi, na ukiwauliza sababu si kizuizi cha sheria. Ni sherehe: kamati haijakaa, michango haijatosha. Ndugu zangu, kama wako huru kuoana, ndoa inahitaji ridhaa yao wawili mbele ya padre au shemasi, na mashahidi wawili. Misa ya kwanza ya asubuhi inatosha. Pilau itakuja fedha ikipatikana.

Na kwa wale wa barabarani, madereva, bodaboda, makuli, ambao hawawezi kuwa na ratiba, ninapendekeza kitu kimoja tu, uchunguzi wa dhamiri. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwapa watu wake desturi ya kuufanya mara mbili kwa siku, adhuhuri na usiku. Saa sita mchana, baada ya Malaika wa Bwana, lori likiwa halisogei, zima redio. Shukuru kwa kitu kimoja cha asubuhi ambacho unaweza kukitaja. Kisha jiulize nilimpita nani leo nisimwone. Mara nyingi jibu linakuja upesi, ni turnboy wako mwenyewe. Dakika tano zimekwisha. Jumapili kuna urahisi mwingine ambao Tunduma tunao na Dar es Salaam hawana: ukichelewa Misa huku, Nakonde saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Nawajua wanaofanya hivyo, na sitasema kama ni bidii au ni uvivu.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikubali kuja kusema leo. Bwana Chui hakusimama peke yake. Alikuwa na watu wa kuwauliza, na alipouawa walikuwepo watu waliojua kwa nini, wakakataa kunyamaza kwa miaka kumi na minane. Sisi je? Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika AMECEA, walikubaliana mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha kichungaji. Tumezijenga. Tunakutana kabla jua halijapanda, tunasoma Injili, tunapanga usafi wa kanisa. Mtu akifiwa, kabla ya saa nne turubai limefungwa, sufuria zimefika, daftari la rambirambi linazunguka. Hilo tunaliweza kuliko watu wengi duniani na ninaliheshimu.

Lakini nitajieni jumuiya moja iliyowahi kupitisha daftari kwa ajili ya mtu aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kughushi. Mimi sijaiona. Akifa tutamzika vizuri. Akiwa hai na dhamiri yake, anatafuta kodi mwenyewe. Tumemwachia uamuzi wa kila siku kana kwamba ni mali yake binafsi, halafu tunashangaa vijana wetu wanaandika ankara za uongo. Kijana ana akili. Amepiga hesabu, akaona kwamba akisimama na Mungu, watu wa Mungu hawatasimama naye.

Najua pingamizi lililopo vichwani. Matapeli watatuambia wamefukuzwa kwa sababu ya uaminifu kumbe waliiba. Ni kweli, watakuwepo, kama walivyo wanaopita na barua za misiba isiyokuwepo. Lakini jumuiya ni nyumba kumi na tano au ishirini zinazojuana. Mnajua nani alikuwa mwizi tangu Komunyo ya Kwanza. Mwenyekiti na mweka hazina wanaweza kuuliza kimya kimya, na fedha ikaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba au shuleni, miezi miwili, isipite hapo. Haihitaji katiba mpya wala semina. Inahitaji jumuiya moja ianze Jumamosi hii, hata kama hakuna mtu wa kusaidiwa bado, ili kijana akiitwa ofisini na kuwekewa karatasi ya kutia saini ajue kiasi fulani kipo.

Na kuna njia ya haraka kuliko daftari. Wenye malori, wenye maghala na wenye ofisi za uwakala mmo humu ndani, wengine mko katika Halmashauri ya Walei. Kila mwaka nawasikia mkilalamika kwamba makarani wanawaibia, mafuta yanafyonzwa njiani, hakuna vijana waaminifu. Kijana aliyemkatalia bosi wake kughushi, akafukuzwa, yuko mtaani kwenu na anatafuta kazi. Mwenyekiti wa jumuiya yake ana namba yake.

Maswali yaanzie upande wa akina mama, tafadhali, na anayeuliza juu ya mshahara wa dada wa kazi asiogope kutazamwa.